Mlinzi wa Wasiojulikana: Maisha ya Ilia Zdanevich, Mshairi wa Tiflis

 

Nitazungumza habari za mtu ambaye, nadhani, wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Nilipotaja kuwa nitazungumzia mshairi wa Georgia, mzee mmoja aliyeketi hapa mbele aliniuliza kama ni ile Georgia ya Marekani. Hapana, mzee wangu. Ni Georgia iliyolala chini ya milima ya Kaukasi, yenye Bahari Nyeusi upande wa magharibi, Urusi upande wa kaskazini, na Uturuki na Armenia upande wa kusini. Mji wake mkuu ni Tbilisi, ambao mpaka mwaka 1936 watu wa nje waliuita Tiflis. Jioni hii nitautaja kwa jina hilo la zamani, kwa kuwa ndilo alilolijua mtu wetu.

Kusudi langu ni moja. Tumezoea kusikia kwamba mshairi wa avangadi, yaani msanii anayejitia mstari wa mbele na kuwaacha wenzake nyuma, ni mvunjaji. Huvunja sarufi, huvunja vina na mizani, huvunja hata viti vya ukumbi akichokozwa. Ilia Zdanevich, aliyejulikana baadaye kwa jina la Iliazd, alivunja mengi, na sitayaficha. Lakini kwa miaka mingi niliyoisoma habari yake nimefikia hukumu nyingine, nayo ndiyo ninayowaletea: kazi yake hasa ilikuwa kulinda. Alikesha juu ya watu na maneno yaliyokuwa karibu kupotea. Nina hoja nne. Mbili za mwanzo ni ndefu, ya tatu ni fupi, na ya nne ndiyo iliyonifanya nipende kuzungumza habari hii katika Afrika.

Kwanza nimtambulishe. Alizaliwa Tiflis tarehe 21 Aprili 1894, wakati Georgia ilipokuwa chini ya dola ya mfalme wa Urusi. Baba yake, Mikhail, alikuwa mwalimu wa Kifaransa mwenye asili ya Poland. Mama yake, Valentina Gamkrelidze, alikuwa Mgeorgia na mpiga piano. Kaka yake Kirill, aliyemzidi miaka miwili, alikuwa mchoraji. Mtoto wa nyumba hiyo alikua akisikia Kirusi, Kigeorgia na Kifaransa, na akitoka nje alikutana na Kiarmenia na lugha nyingine za sokoni. Sisi watu wa miji ya bandari hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Mwaka 1911 alikwenda Petersburg kusomea sheria.

1. Mchoraji wa vilabuni

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba ushairi wake ulianza kwa kumwona mtu ambaye wengine walipita wasimwone.

Mwaka 1912, akiwa likizoni Tiflis, Ilia alizunguka mjini pamoja na Kirill na rafiki yao mchoraji, Mikhail Le-Dantyu. Katika vilabu vya mvinyo waliona picha ukutani. Zilikuwa zimechorwa juu ya kitambaa cheusi kilichopakwa mafuta, na mchoraji aliuacha weusi wa kitambaa ubaki pale alipotaka weusi, kana kwamba usiku wenyewe ulikuwa rangi ya bure aliyopewa. Zilikuwa picha za karamu, za wanyama, za wavuvi, na za wachuuzi waliosimama wima wakimtazama mtazamaji bila haya. Waliuliza ni za nani. Wakaambiwa: za Niko.

Huyo Niko ni Niko Pirosmanashvili, au Pirosmani, mtoto wa wakulima wa Mirzaani katika jimbo la Kakheti. Aliwahi kufanya kazi ya breki katika treni, akawahi kuuza maziwa, na mwishoni aliishi kwa kuchora mabango ya maduka na picha za vilabuni, mara nyingi kwa malipo ya chakula na kinywaji. Hakuwa na anwani. Kumpata kulikuwa ni kuuliza kilabu hadi kilabu.

Ilia alimtafuta mpaka akampata, mwanzoni mwa mwaka 1913. Alimwomba amchore, na picha hiyo ya Ilia Zdanevich iliyochorwa na Pirosmani ipo hadi leo. Februari ya mwaka huohuo aliandika makala katika gazeti la Tiflis akimtangaza mchoraji huyo, na mwezi uliofuata picha kadhaa za Pirosmani zilitundikwa Moscow katika maonyesho ya kundi la mchoraji Mikhail Larionov, kando ya kazi za wasanii waliokuwa wakizungumzwa mji mzima. Mtu aliyekuwa akilipwa kwa sahani ya chakula aliwekwa ukuta mmoja na Larionov na Natalia Goncharova.

Naomba mtulie hapo kidogo. Mwandishi wa makala ile hakuwa ametimiza miaka 19. Mwezi huohuo wa Machi 1913 alipanda jukwaani katika Makumbusho ya Ufundi mjini Moscow, akainua kiatu cha Kimarekani mbele ya hadhira na kutangaza kuwa ni kizuri kuliko sanamu ya Venus wa Milo. Ukumbi ukachafuka. Mwishoni mwa mwaka huo yeye na Larionov walitia sahihi tamko la kueleza kwa nini wao huchora nyuso zao rangi na kutembea hivyo barabarani. Wanaoandika historia hupenda sana kiatu na nyuso za rangi, kwa kuwa vinachekesha. Mimi nasema kijana yuleyule, katika majuma yaleyale, alikuwa akihangaika vilabuni kumtafuta mchoraji maskini ili jina lake lisipotee. Mambo hayo mawili yalitoka katika moyo mmoja. Aliyesema kiatu kina uzuri ndiye aliyeweza kuuona uzuri kwenye bango la duka.

Pirosmani alikufa mwaka 1918 katika umaskini, na kaburi lake halijulikani liko wapi. Picha zake zinajulikana. Leo zimo katika makumbusho ya taifa la Georgia, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba ndugu wawili wa nyumba ya Zdanevich walizikusanya wakati hapakuwa na mtu aliyezitaka.

2. Maneno yaliyopita akili

Hoja ya pili inahusu lugha. Ndiyo inayowachosha wengi, kwa hiyo nitaipitia polepole.

Washairi wa Urusi waliojiita wafuturisti walibuni namna ya ushairi walioiita zaumu. Neno hilo la Kirusi maana yake ni kilichovuka akili, kilicho ng'ambo ya maana. Shairi la zaumu limejengwa kwa maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Mtu akiambiwa hivyo huuliza mara moja: basi linasema nini?

Nataka niwaulize nyinyi swali kabla sijajibu. Tunasema giza totoro. Totoro ni nini? Tunasema kimya jii, nyeupe pee, nyekundu ndu, nyeusi tititi. Mtu kaanguka majini chubwi. Ukifungua kamusi utaelezwa kuwa pee ni neno la kutilia nguvu weupe. Lakini hayo si maana, ni kuelekezwa tu lilipo. Neno lenyewe halitafsiriki. Hata hivyo hakuna Mswahili anayelikosea, wala hakuna mtoto anayefundishwa. Tafadhali semeni nami, wote: giza totoro. (Wasikilizaji wakaitikia.) Ahsanteni. Mmesikia jinsi ukumbi ulivyotiwa kiza kwa sauti tu?

Sasa chukueni mchezo mzima wa kuigiza, wenye wafalme na majambazi na vifo, uandikwe kwa maneno ya jinsi hiyo mwanzo hadi mwisho. Ndivyo alivyofanya Ilia Zdanevich. Kati ya mwaka 1916 na 1923 alitunga michezo mitano ya namna hiyo. Wa kwanza ni Yanko, mfalme wa Albania, ulioigizwa Petrograd (ndiyo ile Petersburg) mwaka 1916 na kuchapishwa Tiflis mwaka 1918. Majambazi wanamkamata mtu asiyetaka ufalme, wanamfanya mfalme kwa nguvu, na kumgandisha kwa gundi kwenye kiti cha enzi. Anajaribu kunasuka, anasaidiwa na daktari, na mwisho wanauawa. Yote hayo yanasemwa kwa lugha ya kubuni inayosikika kama Kialbania kwa mtu asiyekijua Kialbania. Mtazamaji haelewi neno hata moja, na anaelewa kila kitu: mtu aliyegandishwa kwenye kiti cha enzi haombi tafsiri.

Kuna jambo la kiufundi ambalo sisi tunaweza kulionea raha kuliko watu wengine. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunaupotosha mara chache, kama pale tunapotofautisha barabara ya magari na kufanya jambo barabara. Kirusi hakina kanuni hiyo. Mkazo waweza kuangukia popote, na ukiuhamisha neno linageuka. Kwa hiyo mtunzi wa maneno mapya ana taabu: msomaji atajuaje pa kukazia? Zdanevich aliziandika irabu zenye mkazo kwa herufi kubwa katikati ya neno. Kisha, pale wahusika wengi wanaposema kwa pamoja, alizipanga sauti zao juu na chini kama maandishi ya muziki, na pale wanapokutana kwenye sauti moja, herufi moja kubwa hukata mistari yote. Ukurasa wake ukiutazama kwa mbali unafanana na ramani. Ukiusoma kwa sauti, ukiwa na wenzako, unakuwa kwaya.

Kwaya hiyo haikutoka hewani. Wageorgia tangu zamani huimba kwa sauti tatu tofauti kwa wakati mmoja, mezani, shambani na kanisani. Ni sanaa ambayo UNESCO iliitangaza kuwa hazina ya binadamu mwaka 2001. Wataalamu wanaofuatilia Paris na Moscow tu katika kazi yake hawaitaji sana habari hii. Ninavyoona mimi, mtoto wa mama Mgeorgia aliyepiga piano alibeba meza ya karamu ya kwao na kuiweka ndani ya kitabu.

Mahali alipoyasoma haya kwa sauti palikuwa kilabu. Novemba 1917 yeye na wenzake walifungua kwenye barabara kuu ya Tiflis ukumbi mdogo walioupa jina la Kilabu cha Njozi. Humo washairi wa Kirusi waliokimbia vita na njaa walikutana na wa Kigeorgia na wa Kiarmenia, wakasoma, wakabishana, wakatoa mihadhara. Ndiyo, mihadhara, Mheshimiwa Mwenyekiti. Watu hawa waliuhesabu mhadhara kuwa sanaa sawa na shairi. Mwaka 1919 walitoa kitabu cha pamoja kwa heshima ya mwigizaji Sofia Melnikova, na ndani yake mna kurasa za Kirusi, za Kigeorgia na za Kiarmenia, kila moja kwa alfabeti yake. Miaka michache baadaye kukaa pamoja kwa namna hiyo kusingewezekana tena.

Kundi lake mwenyewe, akiwa na washairi Aleksei Kruchenykh na Igor Terentiev, pamoja na kaka yake Kirill, liliitwa Digrii 41. Tiflis iko kwenye latitudo ya 41. Na homa ya binadamu ikipita digrii 40, mtu huanza kusema maneno ambayo waliomzunguka hawayajui.

3. Uhuru wa sanaa

Hoja ya tatu ni ya mwanaharakati, na nitaisema kwa ufupi kwa sababu iko wazi.

Mfalme wa Urusi alipoanguka mapema mwaka 1917, wasanii wenye majina makubwa, Maxim Gorky na Alexandre Benois miongoni mwao, walianza kupanga namna serikali mpya itakavyosimamia sanaa, na fikra ya kuwa na wizara ya sanaa ikaenea. Zdanevich alikuwa miongoni mwa waliosimama kuipinga. Waliunda umoja ulioitwa Uhuru kwa Sanaa, na katika mkutano mkubwa kwenye Ukumbi wa Mikhailovsky mjini Petrograd, Machi 12, alipanda jukwaani kueleza kwamba hakuna kundi dogo lenye haki ya kujitwalia mamlaka juu ya wasanii wote. Alikuwa na miaka 22. Waliokuwa wakitaka wizara walikuwa watu wema, na wengi wao walikuwa na nia njema kabisa. Alichokiona yeye ni kwamba wizara itabaki hata wema hao wakishaondoka.

Ushahidi ulikuja baadaye, na ulikuwa mchungu. Georgia ilijitangaza huru tarehe 26 Mei 1918, na Februari 1921 Jeshi Jekundu la Wasovieti likaingia. Igor Terentiev aliuawa kwa risasi mwaka 1937. Titsian Tabidze, mshairi Mgeorgia aliyekuwa mmoja wa watu wa kilabu kile, aliuawa mwaka huohuo. Paolo Iashvili, rafiki yake Tabidze, alijiua kwa bunduki ndani ya jengo la chama cha waandishi, mwaka huohuo pia. Kirill alipelekwa kwenye kambi za kazi ngumu baada ya Vita vya Pili. Hayo ndiyo yaliyowapata wasanii mahali ambapo dola ilijifanya mhariri wao.

Naongeza jambo moja ambalo wanaomwita mvunjaji hulisahau. Katika mwaka uleule wa 1917, baada ya kelele za Petrograd, alijiunga na msafara wa mwanahistoria Ekvtime Takaishvili kwenda kupima na kuchora makanisa ya kale ya Kigeorgia yaliyo katika ardhi ambayo leo ni ya Uturuki. Mfuturisti aliyekiweka kiatu juu ya Venus alipanda milima na kamba ya kupimia, akihesabu mawe ya karne ya 10 kabla hayajaanguka. Aliendelea kuandika kuhusu makanisa hayo mpaka uzeeni.

4. Vitabu vya Paris, na jina la Akinsemoyin

Ndugu zangu, nafika kwenye hoja ya nne.

Zdanevich aliondoka Tiflis mwaka 1920, akapitia Konstantinopoli akisubiri viza kwa takriban mwaka mzima, akaingia Paris Novemba 1921. Huko alikutana na mshairi Tristan Tzara na watu wa kundi la sanaa la Dada (jina hilo si dada yetu wa Kiswahili, mwanafunzi mmoja aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki). Julai 1923 yeye ndiye aliyeuandaa usiku wa Tzara katika Ukumbi wa Michel. Mshairi André Breton na wenzake walivamia jukwaa, Breton akamvunja mkono mwandishi Pierre de Massot kwa bakora, na polisi wakaitwa. Wanahistoria wa Ufaransa huuhesabu usiku huo kuwa mwisho wa Dada.

Mwaka huohuo, kwa sauti ya chini kabisa, alichapisha mchezo wake wa tano. Unamhusu Le-Dantyu, yule rafiki wa vilabuni, aliyekufa katika ajali ya treni mwaka 1917 akirudi kutoka vitani. Ndani yake mna maiti ya mwanamke. Mchoraji mmoja anaichora ifanane kabisa na ilivyo, na picha hiyo haisaidii kitu. Le-Dantyu anachora picha isiyofanana naye hata kidogo, na maiti inaamka. Sijui maelezo bora ya imani ya msanii huyu kuliko kisa hicho. Kunakili sura ya aliyekufa hakumrudishi. Anayerudisha ni yule anayeumba.

Kisha ikaja miaka ya kutafuta riziki. Alibuni vitambaa kwa nyumba ya mavazi ya Chanel. Aliandika riwaya kwa Kirusi, na moja, Voskhishchenie, yenye jambazi na milima inayofanana na ya kwao, ilitoka mwaka 1930. Maduka ya vitabu ya Warusi walioko uhamishoni hayakutaka kuiuza. Kuanzia mwaka 1940 akawa mtengenezaji wa vitabu. Alichagua karatasi, akapanga herufi moja moja akihesabu nafasi kati yake kama mtu anayepanga lulu kwenye uzi, akawaomba marafiki wachore. Mmoja wa marafiki hao alikuwa Pablo Picasso. Vitabu vilitoka kwa nakala chache sana, vikiwa na jina lilelile la matbaa: Digrii 41. Tiflis ilikuwa imebadilishwa jina, na digrii zake zilikuwa zingali zikichapishwa Paris.

Mwaka 1943, Paris ikiwa chini ya Wajerumani, alimuoa Ibironke Akinsemoyin, mwanamke wa Kiyoruba kutoka Nigeria, ambaye jina la ukoo wake ni jina la mmoja wa wafalme wa Lagos wa karne ya 18. Kwa kuwa Nigeria ilikuwa koloni la Uingereza, Wajerumani walimhesabu kuwa raia wa adui na walikuwa wamemfunga kambini. Walipata mtoto wa kiume. Kifua kikuu kilimuua Ibironke mwaka 1945.

Miaka miwili baadaye kijana mmoja aitwaye Isidore Isou alikuwa amejaza Paris kwa madai kwamba yeye ndiye wa kwanza kutunga mashairi ya sauti na herufi tupu. Iliazd alijibu kwa mhadhara mwaka 1947, na mwaka 1949 akajibu kwa kitabu: Poésie de mots inconnus, yaani Ushairi wa Maneno Yasiyojulikana. Angeweza kukijaza mashairi yake mwenyewe. Hakufanya hivyo. Aliwaita wote waliotangulia. Velimir Khlebnikov, aliyekufa mwaka 1922. Hugo Ball, aliyekufa mwaka 1927. Terentiev wa Tiflis, ambaye kwao halikuwa jina la kutajwa. Antonin Artaud na Kurt Schwitters, waliokuwa wamekufa mwaka mmoja tu kabla. Kruchenykh, aliyekuwa hai Moscow lakini kimya. Kando ya maneno yao akaweka michoro ya Picasso, Matisse, Braque, Chagall, Miró, Léger na Giacometti. Kurasa zake hazikushonwa. Zimekunjwa tu, kila moja kama barua.

Na majina ya washairi yamepangwa kwa alfabeti. La kwanza kabisa, kabla ya hao wote, ni Akinsemoyin.

Nimekitazama kitabu hicho mara moja, chini ya kioo, katika chumba chenye mwanga hafifu, na sikuona aibu kutokwa na machozi. Vitabu vingi tulivyosomeshwa kuhusu avangadi ya Ulaya humtaja Mwafrika kama kinyago kilichotundikwa ukutani kwa Picasso. Hapa kuna mwanamke wa Kiafrika aliyeingia mlangoni kwa jina lake, akiwa mshairi kati ya washairi. Aliyemwingiza ni mjane wake, mtu wa Tiflis, aliyejifunza tangu ujana wake kwamba asiyejulikana akiachwa usiku mmoja hupotea.

Hakukoma hapo. Mwaka 1964, pamoja na mchoraji Max Ernst, alitoa kitabu kuhusu Wilhelm Tempel, Mjerumani wa karne ya 19 aliyekuwa mpiga chapa wa mawe, asiye na shahada ya elimu ya nyota. Mwaka 1861, akiwa Marseille, Tempel aligundua sayari ndogo, nayo ikapewa jina la Maximiliana. Wakubwa wa fani walilikataa jina hilo, na leo sayari hiyo huitwa Cybele. Kwenye jalada la Iliazd inaitwa Maximiliana. Na mwaka 1972, akiwa na miaka 78, aliichapisha upya makala nyingine aliyoiandika kuhusu Pirosmani mwaka 1914. Picasso, naye akiwa amepita miaka 90, alimchora Pirosmani kwa sindano juu ya bamba la shaba kwa ajili ya kitabu hicho. Miaka sitini ilikuwa imepita tangu siku ile ya vilabuni.

Iliazd alifariki Paris tarehe 25 Desemba 1975. Alizikwa Leuville-sur-Orge, kijiji cha kusini ya Paris ambako Wageorgia wa uhamishoni wana makaburi yao. Nchi yake ilipata tena uhuru mwaka 1991.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mtaniruhusu nimalizie kwa ombi, na ombi hili ni kwa wanafunzi walioketi nyuma. Zdanevich hakuwa na fedha alipomtafuta Pirosmani. Alikuwa na likizo, rafiki mmoja, kaka mmoja, na daftari. Aliuliza jina, akaandika tarehe, akanunua picha alizoweza, akapeleka makala gazetini. Likizo yenu inaanza mwezi ujao. Katika kila mtaa mnakotoka yupo mtunzi mzee ambaye mashairi yake yako kichwani mwake tu, na fundi wa kuandika mabango ambaye hakuna aliyemuuliza jina. Nendeni mkawaketie. Mpeni mzee nafasi aseme, msimkatize. Rekodini sauti yake, pamoja na yale maneno msiyoyaelewa, na hayo hasa msiyaache. Andikeni jina lake kamili, mwaka aliozaliwa, na mahali. Muhula ujao tutakutana tena katika ukumbi huu, na ningependa tuanze kwa kuyasoma majina hayo kwa sauti.